Mkalimani na Ofisa Aliyekatazwa Kufa

Mtu anayevaa koti zito saa tisa ya mchana, mtaani kwetu Nkuhungu, mwezi wa Novemba, ana jambo analoficha. Ndivyo nilivyojiambia siku ya kwanza nilipomwona jirani yetu amesimama kwenye geti lake, vifungo vimefungwa mpaka kooni, anamsalimu kila apitaye. Sasa ni miaka tisa. Koti nimelizoea, mashaka hayajaisha.

Mtaa mzima ulimwita Mkalimani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla hajastaafu. Alikuwa anasimama mahakamani kati ya hakimu na wazee wa vijijini ambao Kiswahili chao hakikuwafikisha mbali, anageuza Kigogo kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kigogo, na kesi ikipanda juu anageuza mpaka Kiingereza. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kujua. Ningemwuliza, angenijibu kwa swali.

Mimi ni mtu wa masjala, kwenye mojawapo ya zile wizara za Mtumba. Kazi yangu ni kutunza majalada na kuhakikisha karatasi iliyoingia haitoki bila saini. Ukikaa masjala miaka kumi na tano unajifunza kwamba karatasi haipotei yenyewe, kuna mtu aliyeipoteza, na mara nyingi ni yule anayekusaidia kuitafuta. Mke wangu, mtu wa Tanga, anasema mimi hata maharage siyachambui, nayahoji.

Jambo la kwanza la kumjua Mkalimani ni kwamba neno "anasema" halikuwamo kinywani mwake. Alitueleza kuwa mahakamani mkalimani hana nafsi yake. Shahidi akisema niliiba, mkalimani anasema niliiba. Shahidi akisema niliachwa na mume wangu nikiwa na mimba, mkalimani, mwanamume mzima mwenye ndevu, anasema niliachwa na mume wangu nikiwa na mimba, na hakuna anayecheka.

"Nimeungama makosa mengi kuliko mtu yeyote katika jiji hili," aliniambia siku moja, akipuliza chai. "Nimeiba ng'ombe, nimepiga wake zangu, nimechoma ghala la mjomba. Halafu jioni narudi nyumbani, nakula ugali wangu, nalala."

"Na hukuwahi kukosea, Mzee? Hata neno moja?"

"Nilikuwa naapa, mwanangu."

Hilo halikuwa jibu la swali langu, na nililiweka moyoni.

Tabia ile ilimfuata mpaka sokoni. Siku moja nilimkuta Majengo amesimama kati ya mama mmoja wa kijijini aliyekuwa na kuku wawili na mteja mwenye suti, mmoja wa wale watu wanaokuja mjini wakati wa Bunge. Mteja alitaja bei. Mkalimani akainua kidevu, akasema kwa sauti nzito, "Mimi kuku hawa nimewalea mwenyewe, na kwa bei hiyo umenidharau." Yule bwana akamwomba radhi Mkalimani, akaongeza hela, akaondoka na kuku wake. Watu wakacheka, mama akashukuru. Lakini mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na nilichokiona ni kwamba yule mama hakutamka neno. Alitikisa kichwa tu.

Sasa mtu wa namna hii umwekeje? Kwa upande mmoja alikuwa mkali wa ukweli mpaka anakera. Ukimwuliza hujambo anakueleza goti lake lilivyolala usiku. Kanisani katibu alipotangaza kwamba harambee imekwenda vizuri, yeye alisimama kwenye benchi akasema haikwenda vizuri, imekwenda wastani, na hilo liingie kwenye kumbukumbu. Alipenda sana maneno hayo. Chai ikizidi tangawizi, na hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mvua ikichelewa, vilevile. Kwa upande mwingine, alimwambia kila mtu kwamba daktari amemkataza sukari, nami nimemwona kwa macho yangu kwenye mgahawa wa nyuma ya stendi akitia vijiko vitatu, anakoroga, anatazama huku na huku, anatia cha nne. Juu alivaa koti la mahakamani, chini katambuga za tairi. Akiombwa ushauri anasema mimi si wakili. Asipoombwa, anautoa bure na hamalizi.

Mama yangu nilimleta kutoka Haneti mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Alikuwa ameanguka akitoka kuchota maji, nyonga ikamsumbua, na majirani wakanipigia simu kwamba anatembea kwa kushika ukuta. Nikaazima gari la rafiki, nikaenda Jumamosi, nikapakia godoro, masufuria, debe la karanga, na yeye. Nilijiona mtoto mwema. Nilimpa chumba chenye dirisha, nikamnunulia blanketi, nikampeleka kliniki.

Jambo ambalo sikulifikiria ni maneno. Mama anajua Kiswahili cha kanisani na cha mnadani. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, nikarudi likizo, nikaondoka tena, na Kigogo changu kilibaki pale kilipokuwa: cha kusalimia, cha kuomba chakula, cha kusema naumwa. Mimi na mama tunapendana kwa maneno yasiyozidi hamsini. Haneti hatukuliona hilo kwa sababu kulikuwa na baba, na kazi, na ng'ombe wa kutazama. Nkuhungu kulikuwa na makochi tu. Asubuhi naenda kazini namwacha amekaa ameelekea ukutani, jioni narudi namkuta pale pale, tunaulizana habari, tunamaliza maneno yetu.

Halafu, mwezi wa tatu au wa nne hivi tangu aje, nikaanza kurudi na kukuta kochi liko tupu.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa Mkalimani," mke wangu akasema. "Wanatazama tamthilia. Ya Kithai."

"Mama yangu anatazama Wathai?"

"Kila siku saa tisa. Na ukimkatisha anakasirika."

Jumamosi nilikwenda kuhakiki. Mlango ulikuwa wazi, na niliyoyaona sitayasahau. Mama alikuwa kwenye kiti chenye mto mpya, miguu imewekwa juu ya kigoda. Mbele yake televisheni bapa, na kando ya televisheni, wima, koti limefungwa, mikono imeshikana mbele ya tumbo, alisimama Mkalimani. Kwake mwenyewe, na viti vipo. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya kioo, naye anayasoma kwa jicho la pembeni na kuyatoa kwa Kigogo, bila kuchoka, bila kusema anasema. Mfalme alikuwa yeye, wanajeshi walikuwa yeye, mpishi wa ikulu alikuwa yeye. Binti wa nyumba kubwa alipofunika uso akalia, mzee yule wa miaka sabini na kitu alisema kwa sauti yake ya kokoto maneno ya msichana anayeachwa, na mama yangu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa chini, usizibe kioo."

Kwa ajili yangu akaongeza Kiswahili. Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani, wakati wanajeshi na wasomi wa nchi ile walipoanza kumpunguzia mfalme amri zake na kudai katiba. Binti ni wa ukoo wa ikulu. Kijana aliyemposa ni ofisa mwenye sare nyeupe, na ofisa huyo yuko upande wa wanaotaka mabadiliko. Mambo yanapogeuka na kugeuka tena, ofisa anakamatwa na kupelekwa kufungwa kisiwani, na binti, ili nyumba yao isinyang'anywe, anaozwa kwa mtu mwingine, mtu mwema tu, asiye na hatia. Mwanamke analea watoto, anazika mume, anaota mvi. Kila kipindi anakwenda kusimama ukingo wa mto.

Niseme ukweli, ilinishika hata mimi. Lakini nilikuwa nautazama ule mto mpya wa kiti kuliko Wathai.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mzee yule anamtaka mama. Nikampa ushahidi: mto wa kiti, kigoda, mama ameanza kupaka mafuta usoni, mama ametoa kitenge ambacho tangu msiba hakukivaa, mama anacheka peke yake jikoni.

"Mwache mama wa watu apake mafuta," mke wangu akasema, akageukia ukutani.

Sikumwacha. Nilikwenda kwa yule kijana mwenye duka la kuwekea watu muvi kwenye flashi, maana Mkalimani alizipata kwake, nikamwambia anipe ile ile, yote, toka mwanzo. Kisha kwa wiki mbili nzima, saa ya chakula, watu wa masjala walipotoka kwenda kula, mimi nilibaki na kompyuta ya ofisi, sauti nimeifunga, nasoma maandishi. Nilikuwa na karatasi pembeni. Upande mmoja niliandika lililosemwa kwenye kioo, upande wa pili lile ambalo mama alinisimulia kwa Kiswahili chake. Mwanzoni yalilingana vizuri mpaka nikaona haya. Baadaye nikafika katikati, kwenye kipindi cha gerezani, nikasimamisha picha.

Ofisa alikuwa amekufa. Alikufa kwa homa kule kisiwani, wakamlaza juu ya kuni wakamchoma, kama watu wale wanavyofanya kwa maiti zao, na majivu yakaletwa mjini kwenye chungu. Lakini jana yake tu mama alikuwa amenieleza kwamba ofisa ametoka kifungoni, amezeeka, ana mvi, na amekuja mpaka kwenye uzio na barua mkononi. Nikasonga mbele kutafuta. Mzee mwenye mvi na barua alikuwepo kweli. Alikuwa mjomba wa marehemu.

Mkalimani wa mahakama, mtu wa kuapa, alikuwa amefufua mtu.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Furaha kidogo, nakiri, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimemshika. Halafu baridi. Kwa sababu kama alimbadilishia mama yangu hadithi ya watu wa mbali, hao wazee wote walioondoka mahakamani na vifungo vyao, nani alijua walisema nini? Na kama anamlisha mama hadithi, anamlisha kwa shabaha gani?

Jioni nilimkalisha mama, nikamwambia polepole, kwa Kiswahili chepesi: "Mama, yule ofisa alikufa. Mkalimani anakudanganya."

Mama alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Najua," akasema. "Nina macho. Walimchoma. Kuni nyingi."

"Unajua?"

"Mimi nilimkataza. Nilimwambia, huyu asife. Akaniambia, imeandikwa. Nikasema, wewe nani anakusikia? Hakimu yuko wapi?" Akacheka kidogo. "Alikataa siku mbili. Alikuwa na uchungu sana. Siku ya tatu akamtoa gerezani."

Nikabaki na karatasi yangu mkononi. "Kwa nini asife, mama?"

Akavuta kanga begani, akasema anakwenda kulala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Jibu lilikuja Jumapili baada ya ibada. Mkalimani alibisha hodi kwetu na mzee mwingine wa kanisani, akakataa kiti, akakataa soda. Akasafisha koo. "Nimetumwa," akasema. "Kuna mzee yuko Haneti, amefiwa na mke mwaka wa nne huu. Anasema anaomba nyumba hii imfikirie."

Anasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo kwake, na ndipo nilipojua kwamba siku hiyo hakuja kama mkalimani, alikuja kama mshenga.

Yaliyofuata nilielezwa kwa mafungu, na mengine niliyapata kwa mke wangu ambaye, kama ilivyo kawaida, alikuwa anajua. Mama alipokuwa msichana alikuwa ameposwa. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshaingia zizini kwa babu. Ndipo zikaja zile siku ambazo watu wa nchi hii ya katikati walitolewa kwenye makazi yao na kupelekwa vijiji vipya. Malori yalikuja, familia ya mama ikashushwa upande huu, familia ya kijana ikashushwa ng'ambo ya mbuga, siku mbili kwa miguu. Ng'ombe wengine walikufa, wengine hawakuonekana, wakubwa wakagombana kuhusu nani amrudishie nani nini, na posa ikafia hapo. Mama akaolewa na baba yangu. Yule kijana sasa ni mzee, amehamia Haneti kwa mwanawe, na aliposikia kwamba mjane fulani amepelekwa mjini, alimkumbuka mkalimani mmoja aliyewahi kumsemea mahakamani.

Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa niaba ya baba, aliyelala kaburini bila kujua kwamba alikuwa namba mbili. Nilitoa sababu zangu moja moja: nyonga, hospitali iko mbali, watu watasemaje, umri. Zote zilikuwa sababu nzuri. Ile ambayo sikuitaja ni kwamba niliogopa mama ataondoka na atafurahi, na mimi nimempa chumba chenye dirisha.

Mama akasema kwa Kiswahili, "Nataka kurudi."

"Mama, hujui unachosema."

Hapo akageuza uso, akamwita Mkalimani kwa kidole.

"Hapana," nikasema. "Mzee, wewe ni mshenga. Una upande. Huwezi kuleta posa halafu uwe mdomo wa mwenye kuposwa."

Nilidhani nimembana. Lakini alinitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha kabla wala baadaye. "Umesema sawa kabisa," akasema. Akamgeukia yule mzee wa kanisani: "Ujumbe niliotumwa nimeufikisha. Kuanzia sasa mshenga ni wewe." Kisha akamwomba mke wangu Biblia. Ikaletwa ya mama, ya Kigogo, iliyoungwa gundi mgongoni. Akaishika kwa mkono wa kulia akaapa, sebuleni kwetu, kwamba atafasiri kwa ukweli yote atakayoyasikia, na akaenda kusimama kando ya kiti cha mama.

Mama alianza kusema. Alisema akitazama mikono yake. Mkalimani akasubiri, kisha akanitazama mimi usoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimehamishwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa msichana, walikuja watu na lori wakasema, panda. Nikapanda. Nilikuwa na sufuria ya uji motoni, niliiacha inachemka. Mara ya pili ulikuja wewe na gari. Ukasema, mama, panda. Nikapanda. Wale wa kwanza hawakuniuliza, na wewe hukuniuliza."

Mke wangu aliweka mkono mdomoni. Mimi nilitaka kusema kwamba mimi si lori, kwamba nilikuja kwa mapenzi, lakini mzee akainua kiganja kidogo, kwa sababu shahidi hajamaliza.

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Nimemzika vizuri na nitamlilia mpaka nife. Sikuombi ruhusa ya kumsahau. Nataka kupika uji wangu kwenye moto nilioukoka mwenyewe, karibu na mtu anayeelewa ninachosema."

Hapo mama aliendelea. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na safari hii alinitazama. Mara mbili nilisikia jina langu la utotoni, lile ambalo hata mke wangu halijui. Alipomaliza nilimgeukia Mkalimani. Alikuwa ametazama sakafu.

"Ni hayo," akasema.

"Ni hayo? Amesema dakika nzima, Mzee."

"Mengine alikuwa anarudia."

Sikuamini hata chembe. Lakini mama alikuwa ameshafunga mdomo, na nilijua kwamba nimeshindwa. Mwezi uliofuata aliondoka. Arusi ilifungwa Haneti, ndogo, kanisani, na mke wangu alikwenda na watoto akarudi na picha kwenye simu. Mimi nilisema nina kazi. Na Mkalimani tukawa hatusemezani zaidi ya shikamoo, naye akaitikia marahaba akitazama geti. Kila Jumapili nilimpigia mama simu. Habari, nzuri, nyonga, afadhali, watoto, wazima. Tulikuwa tunamaliza maneno yetu kabla salio halijapungua. Kila nikikata simu nilikaa nikijiuliza ile dakika moja ilikuwa na nini ndani yake. Mtu wa masjala akijua kuna ukurasa umenyofolewa, hana raha.

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha, Alhamisi moja, nikainua kichwa dirishani kwangu Mtumba nikamwona amesimama kwenye foleni ya wanaofuatilia majalada, na bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa anatafuta barua ya kuthibitisha miaka yake ya utumishi, na jalada lake lilikuwa limetangatanga ofisi tatu mpaka likaangukia kwetu. Nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, barua imeshasainiwa, kilichobaki ni yeye kutia sahihi na kuichukua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakushtuka kuniona. Nahisi alijua nafanya kazi pale, ila hilo sina ushahidi nalo.

Nilileta jalada, nikaliweka juu ya meza, nikaliwekea mkono. "Barua ipo," nikasema. "Kabla hujaichukua, niambie. Siku ile mama alisema nini mwisho?"

Akatazama mkono wangu juu ya jalada. "Unanihonga kwa jalada langu mwenyewe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaliondolea mkono, nikampa barua, nikampa kalamu. Akasaini polepole, herufi kubwa za mtu wa zamani. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Nilidhani atageuka aende zake, lakini akainama karibu na dirisha.

"Alinikataza," akasema. "Nilikuwa nimeapa, na alinikataza. Nilikosa. Nimefanya kazi ile maisha yangu yote, na sikuwahi kumnyamazia shahidi."

"Alikukataza kusema nini?"

"Aliongea yake, halafu akaniambia, haya ya mwisho usimpe. Nitampa mwenyewe akija." Akaikunja barua mara mbili akaitia mfukoni. "Mama yako yuko hai, mwanangu. Haneti si ng'ambo ya bahari. Mkalimani huulizwa habari za shahidi aliyekufa."

"Mzee, na Kigogo changu hiki?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, kama anapima uzito wa jibu.

"Kibovu," akasema. "Nenda nacho hivyohivyo."

Akaondoka kwa katambuga zake juu ya vigae vya wizara. Simwamini mpaka leo. Inawezekana hakukatazwa lolote, inawezekana maneno yale aliyatunga pale pale dirishani, kwa sababu aliniona ninavyokaa. Nilimhudumia aliyemfuata kwenye foleni, na aliyemfuata huyo, kisha nikaenda kwa mkuu wangu kuomba ruhusa ya Ijumaa. Ijumaa asubuhi nilikuwa Haneti, nimesimama nje ya uzio wa miiba, nabisha hodi kwa lugha ya mama yangu.